Mikono ya Tusekile

Kastori Nyaulingo alikuwa akimweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa za moyo pale mikono yake iliposema neno ambalo yeye mwenyewe hakulijua.

Mgonjwa alikuwa mzee Gwakisa Mwaisumo, seremala mstaafu, kiziwi tangu kuzaliwa. Daktari alisimama upande wa pili wa kitanda akisema taratibu: kidonge kimoja asubuhi baada ya chai, na akisikia kizunguzungu asiinuke ghafla. Mikono ya Kastori ilichukua maneno yale na kuyapeleka kwa mzee kwa lugha ya alama, kwa wepesi wa mtu aliyezaliwa nayo. Mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa. Kisha, wakati Kastori anashusha mikono, mkono wa kulia ukapanda tena wenyewe. Kidole cha shahada kikabonyea shavu, kikazunguka kidogo, halafu vidole vyote vikafunguka kando ya sikio.

Mzee Gwakisa akakaa kitako ghafla, jambo ambalo ndiyo kwanza amekatazwa.

"Umemwambia nini?" daktari aliuliza.

"Nimemwambia habari za dawa," Kastori alisema. Ni kweli kwamba hakujua lingine alilosema.

Daktari alipokwenda kitanda cha pili, mzee alimshika Kastori mkono wa shati akamgeuza amtazame.

"Nani amekufundisha jina hilo?" aliuliza kwa mikono.

"Jina gani?"

"Ipyana. Mjukuu wangu. Alikuwa na kishimo shavuni. Jina hilo nililitunga mimi, na tuliolitumia nyumbani tulikuwa watatu tu. Mtoto amekufa kwa homa ya uti wa mgongo. Nimebaki mimi. Na mama yake hawezi tena." Mzee alinyamaza, yaani aliiweka mikono juu ya blanketi. Aliitazama mikono ya Kastori kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama koti la nduguye likiwa limevaliwa na mtu mwingine. Ndipo akasema, "Kumbe ilikuja kwako."

Kastori alielewa mara moja.

Kabla ya hospitali alikuwa dereva wa treni za mizigo kwenye reli ya nyanda za juu. Alizipandisha milima ya Uporoto kwenye ukungu na mvua tangu ujana wake, mpaka treni zilipoanza kujiendesha zenyewe na chumba cha dereva kikazibwa kwa bati. Baada ya hapo alikuwa anatoka nyumbani asubuhi akiwa amevaa vizuri, anakwenda kusimama kwenye kivuko cha reli, anazitazama zikipita. Aliomba kazi ya ghala, akaambiwa kuna mashine. Aliomba ulinzi, akaambiwa hivyo hivyo. Mwishowe mkewe Editha alimshika mkono akampeleka Kituo cha Uhamisho wa Stadi.

Huko walimweleza jambo ambalo wataalamu wenyewe walichukua miaka mingi kulikubali. Mwanzoni walidhani stadi inanakiliwa kama wimbo: unaichukua kwa fundi mmoja, unaigawa kwa elfu. Walijaribu, na nakala zote zikatoka mfu; mtu alijua maneno, mkono haukujua kitu. Kilichoshika ni njia hai yenyewe, ikinyofolewa kwenye ubongo mmoja na kupandwa kwenye mwingine. Stadi ilihama. Aliyetoa alibaki bila. Kumbukumbu za mtoaji, walisema, zinabaki kwake. Kinachokwenda ni uwezo tu, pamoja na mazoea machache ya mwili yasiyo na madhara.

"Watoaji wanatoa kwa hiari," mtaalamu wa kituo, dada mmoja mpole aitwaye Fridolina, alimwambia. "Wengi ni watu wasioihitaji tena."

Kastori aliipenda sentensi ile. Aliishika, akavaa kofia ya nyuzi za umeme inayohamisha stadi, akalala, akaamka akiwa mkalimani wa viziwi. Hospitali ilimchukua palepale. Kamera za kutafsiri zilikuwepo, lakini zilisoma vizuri mtu mzima wa afya aliyesimama kwenye mwanga. Mgonjwa aliyelala ubavu, mwenye dripu mkononi na homa mwilini, zilimsoma ovyo.

* * *

Jioni alimweleza Editha. Mkewe alikuwa ametoka kupika shuleni, ameketi anakanda miguu yake.

"Huyo mama aliitoa mwenyewe," Editha alisema. "Hukumwibia."

"Baba yake ni kiziwi. Hawawezi tena kusemezana."

"Nimesikia. Moyo unaniuma, usidhani hauniumi. Lakini wewe hujui ulivyokuwa. Ulikuwa ukienda kusimama pale kivukoni, mimi nilikuwa namtuma jirani yetu mama Atu akufuate kwa mbali. Unajua kwa nini nilimtuma?"

Kastori alikuwa hajui kwamba kuna mtu alikuwa akimfuata.

"Basi," Editha alisema. "Kabla hujarudisha kitu cha watu, ufikirie na hilo."

Siku iliyofuata alipita kituoni. Fridolina alimsikiliza, kisha akaufunga mlango.

"Kaka Kastori, haya hukupaswa kuyajua. Mtoaji hana haki ya kudai, alitia saini. Mpokeaji ndiye anayeweza kurudisha, wakati wowote, kwa hiari yake. Lakini ukirudisha, wewe hatutakugusa tena. Ubongo ukishapandwa na kung'olewa haupandwi mara ya pili. Utakuwa kama ulivyokuja."

"Na yeye itamkaa sawasawa?"

"Itakaa. Ni njia zake. Zitarudi nyumbani." Fridolina aliinamisha kichwa. "Naomba usinitaje."

Alitoka pale akijiambia kwamba bado hajakataa. Alijiambia pia kwamba kuna mama kiziwi wodi ya wazazi anayetarajia kujifungua wakati wowote, na bila yeye nani atamwambia asukume. Lilikuwa jambo la kweli. Alilishukuru kwa kuwa la kweli.

* * *

Tusekile Mwaisumo alikuja kumwona baba yake siku ya Jumapili, amebeba ndizi zilizopikwa na maziwa ya mgando. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini. Aliweka chakula, akaketi, akamtabasamia mzee, mzee akamtabasamia. Kisha wakatazamana tu. Muuguzi akamwita Kastori aje awasaidie.

Alikuja kwa miguu mizito. "Shikamoo mzee," alisema kwa mikono, na kwa Tusekile akasema, "Mimi ni mkalimani. Sema tu, nitamwambia."

"Mwambie nilishindwa kuja Alhamisi, nilikuwa na mafua. Mwambie nyumba yake nimeifagia. Ule mlango wa jikoni alioutengeneza, bado haufungi."

Kastori akasema. Mzee akacheka bila sauti, mabega yakitikisika, akajibu kwamba mlango ni mzima, iliyoinama ni nyumba. Kastori akatafsiri, akitarajia Tusekile atacheka pia. Hakucheka. Alikuwa ameacha kumtazama baba yake. Alikuwa anatazama mikono ya Kastori.

"Rudia," alisema polepole. "Neno mlango. Rudia kwa mikono."

Akarudia. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilibaki kimepinda, hakikunyooka pamoja na wenzake.

"Nilivunjika hicho kidole utotoni," Tusekile alisema. "Wewe kimevunjika lini?"

"Hakijavunjika."

Mzee aliwaangalia wote wawili, akajua wanazungumza nini. Akagonga ukingo wa kitanda ili Kastori amtazame. "Mwambie mwanangu hivi. Kuna mambo ya mama yake sijamweleza. Nilikuwa namsubiri awe mtu mzima, kisha mtoto wake akafa, kisha yeye akanyamaza. Siwezi kuyapitisha kwa mtu mwingine. Si kwa ubaya. Mwambie nasubiri."

Kastori alifungua mdomo. Ingekuwa rahisi kupunguza, kusema mzee anakupenda, anakuombea. Lakini kazi yake ilikuwa kusema kilichosemwa, na akakisema chote.

Waliongea nje, kwenye benchi la varanda, Tusekile akiwa ameweka bakuli tupu mapajani.

"Ipyana alikuwa hasikii, kama babu yake," alisema. "Alipokufa, mdomo wangu ulinyamaza lakini mikono haikunyamaza. Nikiosha vyombo, inamwita. Nikiwa kanisani, inamwambia akae vizuri. Watu wakawa wananitazama. Nikaenda pale kituoni nikasema itoeni. Sikumfikiria baba. Hilo ndilo nisilojisamehe, kaka yangu. Sikumfikiria kabisa, mpaka nilipofika nyumbani akanisemesha, nikaona mtu anapungapunga mikono hewani."

"Hukujaribu kujifunza tena?"

"Nimejaribu. Mahali penyewe wamepang'oa. Naweka neno, linaanguka. Kituoni wanasema ubongo mwingine wowote ungejifunza kama mtoto anavyojifunza. Wangu hauwezi, labda kipande kile kile kirudi."

Kastori alisubiri amwombe. Alikuwa amekwisha kuandaa namna ya kujibu, habari za Editha, habari za yule mama wa wodi ya wazazi. Tusekile alisimama akakung'uta gauni.

"Sikuja kukuomba kitu," alisema. "Nilitoa mwenyewe. Nimefurahi tu kwamba imekwenda kwa mtu mstaarabu."

Neno lile mstaarabu lilimsindikiza mpaka nyumbani na halikumwacha.

* * *

Mama wa wodi ya wazazi alijifungua salama. Kastori alisimama karibu na kichwa chake, akamwambia sukuma, pumua, pumzika, na mtoto alipotoka mama alimshika vidole akavibusu. Kastori alirudi nyumbani akiwa na furaha, na ndani ya ile furaha mlikuwa na kitu kama mchanga kwenye wali.

Baada yake alikuja kijana aliyekatwa na msumeno. Baada ya kijana, bibi mwenye ugonjwa wa sukari. Kila mara palikuwa na mtu, na kila mtu alikuwa sababu nzuri. Kisha hospitali ikamwahidi ajira ya kudumu, na Kastori akajiambia: nikishathibitishwa, nitazungumza nao juu ya kupata mkalimani mwingine, halafu nitarudisha. Hakujiuliza mtu aliyekwisha kurudisha atabakizwa kazini kwa lipi. Mzee Gwakisa aliruhusiwa kwenda nyumbani, akawa anakuja kliniki tu. Walipokutana mzee alimsalimu vizuri na hakuuliza lolote, na Kastori alianza kupitia mlango wa nyuma siku za kliniki ya moyo.

Mzee aliporudishwa hospitali, alirudishwa kwa machela. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kulia.

Kastori aliitwa kabla daktari hajamaliza kumpima. Mkono wa kulia wa mzee ulilala juu ya shuka kama kitu kilichosahauliwa. Kwa mkono wa kushoto alikuwa anasema, lakini lugha ile inasemwa na mikono miwili, na uso wake nao ulikuwa umelegea upande mmoja. Maneno yalitoka nusu nusu.

"Anasema nini?" daktari aliuliza. "Anaumwa wapi?"

"Maji," Kastori alisema. "Au mto. Nyumba... mbele ya nyumba, au mbele ya kitu. Mwanamke. Simpati vizuri."

Mzee alirudia. Alirudia tena, jasho likimtoka, na Kastori akainama karibu, akamwomba aende taratibu. Tusekile alikuwa ameshafika, amesimama miguuni pa kitanda na kanga mdomoni. Mzee alipomwona, akamsukuma Kastori kifuani kwa ule mkono mzima. Hakumsukuma kwa nguvu. Hakuwa na nguvu. Alimwondoa tu njiani, kisha akanyoosha mkono kwa binti yake.

Tusekile akakaa ukingoni mwa kitanda. Mzee akashika vidole vyake, akaanza kuvikunja na kuvikunjua, kimoja kimoja, akivipanga kuwa maneno, jinsi anavyofundishwa mtoto asiyejua kitu. Akitunga neno moja, anamtazama usoni kuona kama limeingia. Halikuwa likiingia. Tusekile alikuwa anaitikia kwa kichwa huku machozi yanatiririka, ndiyo baba, ndiyo, kwa sauti ambayo mzee hakuwahi kuisikia maisha yake yote.

Daktari alimgeukia Kastori. "Tafsiri basi."

"Hasemi na mimi," Kastori alisema, akatoka nje.

Alitembea mpaka kituoni bila kupita nyumbani. Alijua angepita nyumbani angesikia sababu nyingine nzuri, na safari hii angeweza kuikubali.

* * *

Kung'olewa hakukuuma. Fridolina alimvalisha kofia ya nyuzi, na pembeni, nyuma ya pazia, Kastori alisikia kikohozi cha Tusekile ambaye alikuwa ameletwa na gari la kituo. Kastori alitumia dakika zile akisema moyoni kila neno alilolijua, akichezesha vidole juu ya mapaja: mama, maumivu, pumua, sukuma, nyumba, mlango. Alitaka kuyaaga. Katikati ya neno mlango mkono ulisimama, na yeye akabaki anautazama, hajui alikuwa anaenda kusema nini. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kimenyooka.

Editha alilia alipoambiwa. Hakumgombeza. Alisema tu, "Ungeniambia kwanza," na hilo nalo likaingia pamoja na mengine. Siku kadhaa baadaye Kastori aligundua kwamba mama Atu alikuwa amemfuata hadi sokoni na kurudi. Alisimama akamsubiri, wakatembea pamoja, yeye akambebea kikapu.

Hospitali haikuweza kuendelea naye. Matroni, ambaye alikuwa mtu wa vitendo, alimwajiri Tusekile. Kastori alisikia habari hiyo akafurahi, kwa sababu wagonjwa hawakubaki bila mtu, na akaona aibu, kwa sababu jambo hilo lingewezekana tangu mwanzo. Yeye ndiye hakulifikiria, kwani katika kila hesabu aliyoipiga alijiweka katikati.

Walikutana getini. Tusekile alikuwa amekonda.

"Mnaongea?" Kastori aliuliza.

"Tunaongea. Namwelewa hata kwa mkono mmoja, sehemu kubwa. Habari za mama yangu amenipa vipande. Kuna mahali anafika, mkono unamshinda, analia, tunaacha. Nadhani hapo hatutapita." Alisema bila kulaumu, jinsi mtu anavyosema mvua haikunyesha. "Na Ipyana amerudi pia. Jana nilikuwa namtafsiria daktari, mikono ikamwita katikati. Nililijua hilo wakati navaa kofia. Usilibebe."

Lakini alilibeba. Alibeba wiki zile zote alizokaa na kitu cha watu mkononi wakati mikono ya mzee bado ilikuwa miwili. Hakuna aliyemdai, na kwa hiyo hapakuwa na wa kumwambia yamekwisha.

Kilichomshangaza ni kwamba hakurudi kivukoni. Asubuhi akivaa, miguu ilimpeleka kwingine, kwenye ukumbi wa chama cha viziwi nyuma ya soko, ambako dada mmoja kiziwi alifundisha lugha ya alama kwa wazazi na watoto. Kastori aliketi kwenye benchi fupi, magoti yakimfika kidevuni. Kwake kilichong'olewa kilikuwa cha kupandwa tu, hivyo mahali pake pa kujifunzia palikuwa pazima. Vidole vyake vilikuwa vizito, vya mtu aliyeshika breki za chuma miaka mingi. Neno alilolisema kwa urahisi juzi wodini, sasa lilimchukua asubuhi nzima, na watoto walimcheka. Mwalimu alimwambia kwa kuandika ubaoni kwamba watu wazima wengi hukata tamaa kabla ya msimu kwisha. Kwamba kwa mwendo wake, ukalimani ungemchukua miaka. Kastori akaandika chini yake: nipo. Mchana alifagia ukumbi, akapanga benchi, akapokea wageni, na chama kikamlipa kidogo kwa hayo. Editha alipouliza hii ndiyo kazi sasa, alisema ndiyo, hii ndiyo inayoanza.

Alipoona ameweza sentensi moja, alikwenda wodini.

Mzee Gwakisa alikuwa ameegemezwa mito, anatazama dirishani. Tusekile alikuwa kitanda cha mbali akimtafsiria mtu mwingine, akamwona, akaendelea na kazi yake. Kastori alivuta kiti akakaa upande wa mkono mzima. Mzee akageuka. Hakutabasamu, wala hakugeuza uso.

Kastori akainua mikono yake. Akasema, pole pole, akisimama baada ya kila neno: Samahani. Mimi. Nilichelewa.

Mzee alitazama mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa. Kastori akaanza kuinuka, lakini mzee akamshika kiganja kwa ule mkono wa kushoto. Alimkunja kidole gumba, akakiingiza ndani, akageuza kifundo kidogo kuelekea kifuani. Neno lile la mwisho Kastori alikuwa amelikosea. Mzee akamwachia, akarudi kwenye mito, akangoja.

Kastori akaanza tena kutoka mwanzo.